Siku Baba Alipocheka Chini ya Shuka

Enzi zetu, sisi tuliokulia Nachingwea kabla simu hazijawa na vioo vya kutelezesha kidole, filamu ilikuwa kitu cha kufuatwa kwa miguu. Ilikuwa na makazi yake. Makazi yenyewe yalikuwa banda la Bwana Issa karibu na stendi, limeezekwa makuti na kuzungushiwa magunia ya korosho yaliyoshonwa pamoja, na ndani yake mabenchi yenye misumari iliyochana sketi nyingi kuliko miiba ya porini. Televisheni ilikaa ndani ya sanduku lenye kufuli. Nyuma ya banda jenereta lilinguruma na kufuka moshi, na ukirudi nyumbani mama hakukuuliza ulikuwa wapi. Alikunusa tu.

Msimu wa korosho tuliingia kwa korosho. Wenye mashamba wakishamaliza kuokota, sisi tulipita nyuma yao kuokoteza zile zilizojificha kwenye majani makavu, tukala mabibo mpaka koo likawasha, tukaharibu mashati ya shule kwa maji yake yasiyotoka hata ukisugua vipi. Bwana Issa aliweka debe mlangoni. Alizitazama korosho zako moja moja, mbovu akakurudishia kiganjani bila kusema neno, na zilizobaki zikimridhisha alikusogezea gunia ukaingia. Nje ya msimu tuliingia kwa kumchotea maji, au hatukuingia kabisa, tukachungulia kwenye matundu ya gunia mpaka alipotumwagia hayohayo maji tuliyomchotea.

Nayasema haya kwa wenzangu wa rika langu, maana ninyi hamtanibishia. Mnakumbuka rede kwenye uwanja wa shule, na yule msichana mmoja wa kila darasa ambaye hapigiki hata mrushe mpira wa matambara mpaka kengele ilie. Mnakumbuka ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha iliyouzwa kwenye sinia na chumvi yake pembeni. Mnakumbuka mchakamchaka wa asubuhi, vumbi jekundu likitupanda hadi magotini, ukimwona mtu kwa mbali unadhani kavaa soksi. Watoto wetu wakisikia haya wanatuonea huruma. Bando likiwakatikia kwa nusu saa wanakaa sebuleni kama wenye msiba, na ukimwambia mmoja wao akacheze nje anakuuliza nje kuna nini.

Lakini leo sikukaa chini ili nitusifu sisi na kuwacheka wao. Nina huzuni, na huzuni yangu ilianzia kwenye filamu.

Iliitwa Mkorosho wa Urithi. Watu wa Nachingwea na Ruangwa waliofikia umri wangu hawahitaji kuelezwa, ila kwa mgeni nitasema kwamba ni hadithi ya ndugu wawili wanaogombea mikorosho ya baba yao, na baba mwenyewe anafariki katikati ya ugomvi. Kikundi cha waigizaji kilitoka Dar es Salaam na kamera yao kuja kuirekodi kijijini Naipingo, kwenye nyumba ya babu yangu, tulikokuwa tukienda kila likizo kupalilia. Ua wetu uliwapendeza kwa sababu ya mikorosho mikubwa iliyokuwa nyuma ya nyumba. Watoto tuliacha majembe shambani, tukakaa chini tukiwatazama wageni wakigombana kwa zamu, wakinyamaza, wakirudia ugomvi uleule kwa maneno yaleyale. Bibi alituuliza hawa watu hawana kwao pa kugombania.

Ikafika zamu ya maziko, na hapo ndipo walipokwama. Mwigizaji aliyecheza baba alikubali kufokewa, kusukumwa, kuugua na kukata roho, ila alipoambiwa alale juu ya kitanda cha kubebea maiti, afunikwe shuka jeupe na kubebwa mabegani, alikataa katakata. Alisema ana watoto wadogo. Mwongozaji, bwana mmoja mrefu asiyevua kofia hata akila, akawageukia watu waliokusanyika kutazama, akawakagua, akamwona baba yangu.

Baba alikuwa fundi cherehani, mwembamba, mkimya kupita kiasi. Mteja aliweza kupimwa, kushonewa na kuondoka na nguo yake bila kusikia kutoka kwake neno jingine zaidi ya "nyoosha mkono." Hata kucheka alicheka kwa mabega. Ukitaka kujua kama jambo limemchekesha ulimtazama mabegani, maana mdomo haukufunguka na sauti haikutoka. Sisi wanawe tulikuwa tumezoea, tukidhani baba wote ndivyo walivyo.

Kwa nini alikubali kuwa maiti, sijui mpaka leo. Mama alikasirika mbele ya wageni. "Unajichuria, baba Mwanahawa," alimwambia. "Kifo hakiigwi." Mwanahawa ndiye mimi, mtoto wao wa kwanza. Baba akamjibu kwamba atalala kidogo tu, kiuno kinamuuma kwa kushona, kisha akapanda kitandani. Siku hiyo walifanya mazoezi. Walimfunika, wakambeba wakamzungusha ua mzima, wanawake wa kijiji wakalia kwa kufundishwa, kamera ikichukua na kupumzika. Baba alilala kimya kabisa, akasifiwa.

Sasa lazima nieleze jambo moja ambalo watoto wa mjini hawalijui. Kwetu msiba haukwenda bila mtani. Zipo koo ambazo tangu enzi za mababu zina ruhusa ya kutaniana, na ruhusa hiyo hutumika hasa siku ya kifo. Mtani akifika anamsema marehemu, anauiga mwendo wake, analala njiani kuzuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, na wafiwa wenye macho mekundu wanajikuta wanacheka. Haikuwa utovu wa adabu. Wazee walituambia kuwa mfiwa ni mtu aliyetwishwa mzigo mzito, na mtani ndiye anayemsaidia kuutua apumue kidogo. Mtani wa ukoo wetu alikuwa Bi Somoe wa Nkowe, upande wa Ruangwa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde.

Siku ile ya mazoezi alipita mtu na baiskeli yake, amepakia ufuta, anaelekea huko Nkowe. Aliona kitanda cha maiti, aliona shuka jeupe, akasikia wanawake wanalia, akauliza nani, akaambiwa ni fundi. Kamera aliiona pia, ila alidhani ni msiba wa watu wenye uwezo, wanapigwa picha. Akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri kwetu angefanya. Hakusimama kuuliza mengi. Alikanyaga baiskeli mpaka Nkowe, akaenda moja kwa moja kwa Bi Somoe kumwambia kwamba mtani wake amefariki.

Kesho yake asubuhi, kamera ikiwa imewashwa na kitanda kimenyanyuliwa, Bi Somoe alitokea kwenye kona ya shamba la mihogo, amebebwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, kanga kiunoni, analia tangu barabarani. Mwongozaji hakumjua. Alidhani ni mmoja wa wanawake waliofundishwa kulia, na kwa kuwa alilia vizuri kuliko wote, hakumzuia. Sisi tuliomjua tulipigwa na bumbuwazi. Kabla mtu mzima yeyote hajafungua mdomo, Bi Somoe alishuka, akajitupa chini mbele ya wabebaji, akajilaza njiani kwa urefu wake wote.

"Hapiti ntu hapa," alisema kwa lafudhi ya kwao, na machozi yakimtiririka. "Nataka kitenge changu kwanza. Nilinpa fundi huyu pande zima anishonee gauni, kanirudishia gauni linanibana mpaka pumzi haitoki, na siku ya Idi namwona binti yake kavaa kitenge kilekile. Mnanzika na deni la nguo? Nsimame nyote hapohapo."

Binti mwenye gauni la Idi nilikuwa mimi, na watu wote waligeuka kunitazama. Kicheko kikaanza kwa wanawake walioketi kwenye mikeka. Bi Somoe aliinuka, akachomoa uzi kwenye pindo la kanga yake, akautundika shingoni kama futi ya kupimia, akatembea kama baba anavyotembea, kichwa kimeinama upande. Akaanza kumpima maiti juu ya shuka, kichwani, kifuani, tumboni, anajisemea vipimo kwa sauti nyembamba. Kisha akamwamrisha maiti, kwa sauti ileile ya baba:

"Nyoosha nkono."

Shuka likatikisika. Kwanza kidogo, sehemu ya mabega, kama tulivyozoea. Halafu ikatoka sauti. Ilikuwa sauti nyembamba ya kwikwi, inapanda, inakatika, inaanza tena, na ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kusikia baba yangu anacheka kwa mdomo. Wabebaji nusura wambwage. Bi Somoe alipiga ukelele akakimbilia kwenye mihogo, maana yeye alikuja kumlilia mtu aliyekufa, kisha akarudi mbio na kumcharaza baba kwa kanga, analia na kucheka pamoja. Mama, aliyekuwa na hasira tangu jana yake, alijaza upindo wa kanga mdomoni asicheke, ikashindikana. Jioni aliniambia, "Afadhali kacheka. Maiti anayecheka hajafa."

Mwongozaji hakuwa na kanda ya kupoteza wala siku ya kurudia, gari lao lilikuwa linaondoka. Kwa hiyo filamu ilitoka hivyohivyo. Mtani yumo, mama yumo pembeni na kanga yake mdomoni, shuka linatikisika, na kicheko cha baba kinasikika wazi kabla picha haijarukia makaburini ambako kila mtu amenuna upya.

Wenzangu wa Nachingwea, nani kati yenu hakuitazama ile filamu mpaka akaikariri? Ugomvi wa mikorosho tulikuwa tukiuvumilia tu. Tulichokisubiri ni msiba. Bi Somoe akitokea kwenye kona banda zima lilisimama, na alipofika mahali pake tulisema naye kwa pamoja "nyoosha nkono," kwa lafudhi yake, mpaka Bwana Issa akatishia kutuzimia jenereta. Tukimwomba arudishe nyuma alirudisha. Alirudisha mara nyingi mno, mpaka kanda ikachakaa mahali hapohapo, ikawa na mistari. Baba akienda sokoni aliulizwa, "Marehemu hajambo?" Mabega yakatikisika kidogo, akaendelea na safari. Aliwahi kuja bandani mara moja, akakaa benchi la nyuma kabisa, na filamu ilipofika pale pa kucheka alitoka nje. Nilidhani ameona aibu. Nilimfuata nikamkuta amesimama kando ya jenereta anatabasamu peke yake.

Miaka ikapita kama ipitavyo. Bi Somoe alifariki kwao Nkowe. Banda la Bwana Issa lilibomolewa baada ya yeye mwenyewe kufariki, na mahali pake sasa vijana wa bodaboda wanasubiri abiria. Mimi niliolewa Ruangwa, nikafungua duka la vifaa vya shule, nikapata watoto. Filamu ile ikawa kitu cha kusimuliana tukikutana harusini.

Ndipo siku moja kwenye kundi letu la simu, kundi la sisi tuliokulia Nachingwea, Hamisi alipoandika kwamba Mkorosho wa Urithi imerudi. Hamisi nilicheza naye rede, siku hizi ni dereva wa malori na makao yake ni Dodoma. Alisema mwenye filamu ameisafisha na kuiweka mtandaoni, mtu yeyote anaweza kuitazama. Sijui niwaelezeje furaha ya siku ile. Nilifunga duka mapema. Niliwakusanya wanangu, nikampigia simu mama Nachingwea nikamwambia nakuja Jumamosi na filamu, mwambie marehemu ajiandae.

Jumamosi tulikaa sebuleni kwa baba, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Picha ilikuwa nzuri ajabu. Mikorosho ilikuwa ya kijani ambacho hatukukiona bandani, sauti zilisikika kila neno, na chini kwa chini kilipigwa kinanda cha huzuni. Wanangu walitulia. Ilipokaribia sehemu ya msiba niliwaambia tazameni sasa, tazameni. Kitanda kikanyanyuliwa. Wabebaji wakatembea taratibu, kinanda kikapanda, wakapita kwenye kona ya mihogo, wakaenda. Hakuna aliyetokea. Hakuna aliyelala njiani. Mama hakuwepo pembeni, na shuka juu ya baba lilikuwa limetulia tuli kutoka mwanzo hadi mwisho. Nadhani walichukua picha za siku ya mazoezi, wakaziweka badala ya zile.

Binti yangu Zuhura, mwenye miaka kumi na mitatu na ulimi wa Dar es Salaam alioupata kwenye simu, alisema babu alikuwa noma, hajatikisika hata kidogo. Baba aliitazama ile simu kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti yake ndogo, "Hapo ndipo nimekufa." Akainuka akaenda kwenye cherehani yake.

Kundi liliwaka moto. Watu ambao hawakuwa wameandika kitu tangu pole za msiba uliopita waliibuka wote, wanaitaka filamu yetu, ile ya kwanza. Hamisi alitafuta namba ya mwongozaji akampigia, na akatuwekea sauti yake tuisikie. Alizungumza kwa upole, sitamsingizia. "Ndugu zangu, ile ya zamani ilikuwa na makosa," alisema. "Maiti anacheka. Watu wa mbali walikuwa wakiniuliza, hawa ndugu zako wanachekaje msibani? Nilikuwa kijana, sijaijua kazi. Hii ya sasa ndiyo niliyotaka kuitengeneza tangu mwanzo." Hamisi akamwomba basi atupe hata nakala ya ile yenye makosa. Akasema hakuitunza, angetunza makosa ya nini.

Nimefikiri sana juu ya maneno yake. Kazi ni yake, na kila mtu ana haki ya kusahihisha kazi yake. Lakini mimi ni mtoto wa fundi. Baba akishamkabidhi mtu nguo, na mtu akaivaa Idi na Idi, akaipenda na kiraka chake, hakumfuata nyumbani kuifumua. Kosa likishapendwa na watu wengi linakuwa mali yao pia. Hilo nililiandika kundini, wakanipigia makofi ya kwenye simu, na hakuna kilichobadilika.

Baba alifariki mwaka jana, msimu wa korosho ukianza. Aliugua kifua kwa muda mfupi. Watu walijaa kwetu kutoka pande zote, na vijana waliweka spika kubwa uani, kaswida zikasikika mpaka barabarani. Kutoka Nkowe alikuja mjukuu wa Bi Somoe, kijana wa heshima, kanzu yake safi, kaja na bodaboda. Nilipomwona moyo wangu ulitulia. Nilijua sasa atafanya lake. Jeneza lilipotolewa nilisimama mlangoni na mama, nikimsubiri yule kijana ajitupe chini, aseme chochote, amdai baba hata kifungo. Alisogea pembeni kuwapisha wabebaji, akainamisha kichwa. Jeneza la baba likapita bila kuzuiwa na mtu. Kilio cha mama hakikupata pa kupumzikia, aliendelea mpaka sauti ikamkauka.

Baada ya maziko nilimuuliza, tena kwa kumlaumu. "Wewe ni mtani wetu. Mbona ulituacha hivi?"

"Nisamehe, dada," alisema. "Utani wenyewe mimi nausikia tu. Bibi kafa nikiwa mdogo. Nilipopata taarifa nikaitazama ile filamu njia nzima, nikijua nitamwona anavyofanya. Humo hayumo. Nikaona labda na yeye alikuwa anasimama kimya."

Baada ya arobaini nilianza kuitafuta ile kanda kwa nguvu ambayo ilimshangaza mume wangu. Mtoto wa Bwana Issa aliniambia kanda zote za baba yake alimpa mkulima mmoja wa Malolo. Nilipanda bodaboda mpaka Malolo. Mkulima alinipokea vizuri, akanipa maji, akanipeleka shambani kwake mwenyewe. Alikuwa amezivunja kanda akatoa tepe, akazifunga kutoka mti hadi mti juu ya mtama wake kufukuza ndege. Zilikuwa zinameta juani, na upepo ukipita zinavuma. Aliniambia zinafaa kuliko makopo. Nilimuuliza kama anajua ipi ilikuwa na filamu gani, akanitazama kwa huruma, akaniambia nichukue ninayotaka. Niligusa moja. Ilikuwa imepauka kwa jua, ikakatika mkononi.

Mama sasa anaishi nami Ruangwa. Amezeeka haraka tangu abaki peke yake. Kila alasiri, akishaswali, anamwomba Zuhura amwonyeshe mume wake, na Zuhura anaweka simu mbele yake, inafika pale pa msiba, anamtazama baba anavyobebwa. Miezi ya mwanzo alikuwa akisema, "Hapo ndipo alipocheka." Alisema kila siku, mahali palepale, na mimi niliyekuwa jikoni niliitikia. Baadaye akawa anasema siku nyingine na siku nyingine hasemi. Nilidhani amechoka. Kundini nako watu walikuwa wanapoa, na Hamisi mwenyewe aliandika kwamba labda tulichanganya na filamu nyingine, mbona zamani zilikuwa nyingi za namna ile. Nilimpigia nikamkaripia kama mtoto.

Juzi nilikuwa namsimulia Zuhura juu ya kicheko cha babu yake. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akauliza, "Lakini mama, mbona humu hakuna?" Akaniwekea simu mbele ya macho, anioneshe. Nikamgeukia mama, nikamwambia, mwambie mjukuu wako, wewe ulikuwepo, ulijaza kanga mdomoni.

Mama alichukua simu, akafuta kioo kwa upindo wa kanga yake, akatazama kitanda kinavyopita. "Baba yako hakucheka," alisema. "Alilala kimya mpaka mwisho. Alikuwa na adabu sana, baba yako."

Enzi zetu tulisahau vilevile, binadamu ni yuleyule, lakini uliposahau ulimuuliza mwenzako, na mwenzako alikuongezea lake, na mkabaki na kitu kilichochakaa lakini kilicho chenu. Siku hizi tunaiuliza simu. Simu haina shaka, haichoki, na kila ikiulizwa inajibu jibu lilelile, mpaka aliyekuwepo anajiona mwongo mbele ya mtoto aliyezaliwa jana. Usiku ule nilijiambia hata kama wote watasahau, mimi nitakitunza kicheko cha baba. Nilifumba macho nikisikilize tena, ile kwikwi nyembamba inayopanda na kukatika. Nilisubiri. Kilichonijia masikioni ni kinanda.